Kukata Jina la Mtumiaji: Kutoka Namba ya Mtihani hadi Saraka ya Seva

Katika sura hii mtahiniwa atajifunza kuandika programu fupi inayotoa sehemu moja ya jina refu. Mifano yote imeandikwa kwa lugha ya Python. Unatakiwa uwe umeshamaliza sura ya vigeu, sura ya masharti na sura ya orodha. Kama orodha bado inakusumbua, rudi huko kwanza, kwa sababu hapa tutaitumia karibu katika kila mstari.

Tuanze na jina ambalo tayari unalo. Namba yako ya mtihani wa Kidato cha Nne ina sura hii:

S0000/0012/2024

(Sifuri nne za kituo nimeziweka makusudi, isije ikawa namba ya shule ya mtu.) S maana yake ni mtahiniwa wa shule, wa kujitegemea huanza na P. Tarakimu nne zinazofuata ni za kituo, halafu namba ya mtahiniwa, halafu mwaka wa mtihani. Namba hii haikuishii kwenye chumba cha mtihani. Utaulizwa namba hiyo katika mfumo wa Selform wa TAMISEMI utakapotaka kubadilisha tahasusi, na utaulizwa tena Bodi ya Mikopo utakapoomba mkopo wa chuo. Kwa maneno mengine, ni jina lako la mtumiaji kwa miaka mingi ijayo.

Wewe ukiitazama unaona vipande vitatu. Kompyuta haioni vipande. Inaona herufi 15 zilizopangwa mstari mmoja, basi. (Kwa ufupi, katika sura hii kila alama nitaiita herufi, iwe tarakimu, nukta au mkwaju.) Kazi yetu ni kuieleza kompyuta mahali pa kukata.

Njia ya kwanza: kukata kwa kuhesabu nafasi

Python huanza kuhesabu nafasi kwenye 0, si 1. Chora visanduku kwenye karatasi, andika herufi moja ndani ya kila kisanduku na namba ya nafasi chini yake:

S  0  0  0  0  /  0  0  1  2  /  2  0  2  4
0  1  2  3  4  5  6  7  8  9  10 11 12 13 14

Sasa tunaweza kukata:

namba = "S0000/0012/2024"
kituo = namba[0:5]
mtahiniwa = namba[6:10]
mwaka = namba[11:15]
print(kituo, mtahiniwa, mwaka)

Matokeo: S0000 0012 2024

Nafasi ya mwisho inayoandikwa kwenye mabano haichukuliwi. namba[6:10] inachukua nafasi ya 6, 7, 8 na 9, inaishia hapo. Wanafunzi wengi huandika [6:9] na kupata 001. Njia rahisi ya kujihakiki ni kutoa: 10 kutoa 6 ni 4, na namba ya mtahiniwa ina herufi 4. Ukitoa ukapata hesabu isiyolingana na urefu wa kipande unachokitaka, umekosea.

Zingatia sifuri za mbele. Ukiandika int(mtahiniwa), utapata 12, si 0012. Baadaye ukitaka kuiunganisha tena utatengeneza S0000/12/2024, na hakuna mtahiniwa mwenye namba hiyo. Jambo hilohilo hutokea mtu akiandika 0012 kwenye kisanduku cha Excel ambacho hakijapangwa kuwa cha maandishi: sifuri zinatoweka bila kuaga. Namba ya mtihani, namba ya simu na namba ya kitambulisho ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Hatuyajumlishi wala hatuyagawanyi, kwa hiyo yabaki kuwa maandishi.

Njia ya pili: kukata kwa kitenganishi

Kitenganishi ni alama inayokaa kati ya kipande na kipande. Katika namba yetu ni mkwaju (/).

vipande = namba.split("/")
print(vipande)

Matokeo: ['S0000', '0012', '2024']

Tumepata orodha yenye vipande vitatu. vipande[0] ni kituo, vipande[1] ni mtahiniwa, vipande[2] ni mwaka. Mkwaju wenyewe umeondoka.

Namba hiihii utaikuta imeandikwa kwa mkwaju mahali pengine, kwa nukta au kistari kwingine. Kabla ya kukata, geuza kila kitenganishi kiwe kimoja: namba = namba.replace(".", "/") na hivyohivyo kwa kistari.

Kwa namba ya mtihani njia zote mbili zinafanya kazi, kwa sababu urefu wa kila kipande haubadiliki. Tukienda kwenye majina ya watu, kuhesabu nafasi kunakufa palepale.

Majina katika saraka

Saraka, kwa maana tunayoitaka hapa, ni orodha kuu ya watumiaji, kompyuta na printa za taasisi, inayotunzwa kwenye seva. Mwalimu au mwanafunzi akikaa kwenye kompyuta yoyote ya maabara akaingiza jina na nenosiri, seva inaangalia saraka na kuamua kama aruhusiwe. Saraka inayotumika sana maofisini ni Active Directory ya Microsoft, iliyotoka pamoja na Windows 2000. Inazungumza kwa utaratibu uitwao LDAP, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1993.

Mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa sura tatu katika saraka. Tuseme tuna shule ya kubuni yenye anwani mfano.sc.tz (sc.tz ni sehemu iliyotengwa kwa ajili ya shule katika majina ya intaneti ya Tanzania):

MFANO\asha.juma
asha.juma@mfano.sc.tz
CN=Asha Juma,OU=Kidato4,OU=Mitundu,DC=mfano,DC=sc,DC=tz

Sura ya kwanza ni ya zamani: jina la domeini, mkwaju wa nyuma (\), halafu jina fupi. Sura ya pili inafanana na barua pepe. Sura ya tatu ndiyo ndefu, na inasomwa kama tunavyomwelekeza mgeni: mtu kwanza, halafu kitongoji, halafu kijiji, mpaka wilaya. CN ni jina la mtu, OU ni kitengo alichowekwa ndani yake, na DC ni vipande vya jina la domeini.

Mtahini akikupa mojawapo ya sura hizi na kukutaka utoe asha.juma, usihesabu nafasi. Leo ni asha.juma, herufi 9. Kesho ni christopher.mwakalinga, herufi 22. Programu iliyoandikwa jina[0:9] itamgeuza Christopher kuwa "christoph". Kata kwa kitenganishi:

barua = "asha.juma@mfano.sc.tz"
jina = barua.split("@")[0]

Hapo jina ni asha.juma. Kipande cha [1] kingekuwa mfano.sc.tz.

Huyo Christopher ana jambo jingine. Katika Active Directory jina fupi, lile linalokaa baada ya mkwaju wa nyuma, lina ukomo wa herufi 20. Kwa hiyo anaweza kuwa christopher.mwakalin upande mmoja na christopher.mwakalinga kabla ya alama @ upande wa pili. Usidhani kwamba vipande hivi viwili lazima vilingane. Swali likikuuliza ni kipi kati ya hivyo, soma vizuri ni kipi kinachotakiwa.

Mtego wa mkwaju wa nyuma

Tazama programu hii kisha utabiri matokeo kabla hujasoma chini:

jina = "MFANO\neema"
print(jina)

Matokeo:
MFANO
eema

Neema amepoteza N na jina limegawanyika mistari miwili. Sababu ni kwamba ndani ya alama za kunukuu, Python huusoma mkwaju wa nyuma pamoja na herufi inayoufuata kama amri moja. \n ni kuvuka mstari, \t ni kuruka nafasi ya tabo, na \a ni kengele ya zamani ya kompyuta. Kwa hiyo Neema, Tatu na Asha wote wamo hatarini, na jina la Hamisi halibadiliki. Ndiyo maana programu inaweza kujaribiwa kwa jina moja ikaonekana nzima, kisha ikaharibika kwa jirani yake.

Dawa ni kuandika mkwaju mara mbili: "MFANO\\neema". Au weka r kabla ya alama ya kunukuu: r"MFANO\neema". Ukikata, kitenganishi nacho kinaandikwa mara mbili:

fupi = jina.split("\\")[1]

Mtego huu upo kwenye maandishi ya programu tu. Mtumiaji akiandika MFANO\neema kwa kibodi kupitia input(), au jina likisomwa kutoka kwenye faili, Python inaupokea mkwaju kama ulivyo. Swali la kupambanua mambo hayo mawili ni zuri sana kwa mtahini, kwa hiyo lijue.

Kuna mtego mdogo wa aina hiyo unaotuhusu sisi zaidi kuliko Wazungu walioandika vitabu vya Python. Majina yenye ng', yakiwemo mengi ya Kisukuma, yana ritifaa ndani yake. Ukiandika 'Ng'wandu' kwa alama moja ya kunukuu, Python inadhani maandishi yameishia kwenye Ng. Tumia alama mbili: "Ng'wandu".

Kosa lisilopiga kelele

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo ningependa uisome mara mbili. Mwanafunzi anaweza kukata kwa kutafuta nafasi ya alama kwanza:

nafasi = barua.find("@")
jina = barua[0:nafasi]

Ni njia sahihi, na kwa asha.juma@mfano.sc.tz inaleta asha.juma. Lakini je, kama mtumiaji ameandika jina fupi tu, bila @? Hapo find haipati kitu, na hurudisha -1. Kwa Python, nafasi ya -1 ni herufi ya mwisho. Kwa hiyo barua[0:-1] maana yake ni: chukua zote isipokuwa ya mwisho. Hakuna ujumbe wa kosa. Programu inaendelea kama kawaida, na jina limekatwa mkia.

Unaweza kusema, herufi moja tu. Fikiria darasa. Hapa Mitundu si ajabu darasa moja likawa na Asha Juma wawili, na hata watatu. Saraka haikubali majina mawili yanayolingana, hivyo wa kwanza anapewa asha.juma na wa pili anapewa asha.juma1. Asha wa pili amesahau nenosiri. Mwalimu wa maabara ana programu ya kubadilisha nenosiri, anaingiza asha.juma1 bila @. Fuatilia kwa jedwali:

barua: asha.juma1
nafasi: -1
barua[0:-1]: asha.juma

Nenosiri lililobadilishwa ni la Asha wa kwanza. Yeye hataweza kuingia na hatajua kwa nini, na Asha wa pili bado amekwama. Kama nenosiri jipya atapewa Asha wa pili, na akajaribu kuingia kwa jina la asha.juma, atafungua kazi za mwenzake. Programu haikulalamika hata kidogo.

Linganisha na split. Kama @ haipo, barua.split("@") huleta orodha yenye kipande kimoja, yaani jina zima, na [0] inarudisha asha.juma1 bila kulijeruhi. Ukiomba [1] ambacho hakipo, programu inasimama na kutoa ujumbe wa IndexError. Kusimama huko wanafunzi wanakuogopa, lakini mimi naona ni afadhali programu inayosimama kuliko inayompa mtu akaunti ya mwingine. Ukitaka kutumia find, pima kwanza:

if nafasi == -1:
    jina = barua
else:
    jina = barua[0:nafasi]

Jina refu la saraka

Sura ya tatu hukatwa mara mbili. Kwanza kwa koma, halafu kila kipande kwa alama ya sawasawa:

refu = "CN=Asha Juma,OU=Kidato4,OU=Mitundu,DC=mfano,DC=sc,DC=tz"
vipande = refu.split(",")
print(vipande[0].split("=")[1])

Matokeo: Asha Juma

Orodha ya vipande ina sita, vihesabu mwenyewe. Kuna taasisi zinazotanguliza jina la ukoo na kuweka koma, Juma, Asha. Ndani ya jina refu koma hiyo huandikwa na mkwaju wa nyuma mbele yake: CN=Juma\, Asha. Kukata kwa koma kutalivunja jina hilo katikati. Kwa kiwango chako inatosha ujue hivyo na uweze kueleza. Kazini watu hutumia maktaba za programu zilizotengenezwa kwa ajili ya LDAP.

Swali lenye jibu

Andika kazi iitwayo toa_jina inayopokea jina la mtumiaji katika sura yoyote kati ya hizi: DOMEINI\jina, jina@domeini, au jina peke yake. Irudishe jina fupi kwa herufi ndogo. (Alama 10)

Jibu:

def toa_jina(ingizo):
    ingizo = ingizo.strip().lower()
    if "\\" in ingizo:
        return ingizo.split("\\")[1]
    elif "@" in ingizo:
        return ingizo.split("@")[0]
    else:
        return ingizo

strip() inaondoa nafasi tupu za mwanzo na mwisho, ambazo watu huziacha bila kujua wanaponakili na kubandika. lower() inageuza herufi kubwa kuwa ndogo. Active Directory haitofautishi Asha na asha, lakini Python inatofautisha: "Asha" == "asha" inaleta False. Ukilinganisha majina bila kuyaweka katika hali moja, programu itasema mtumiaji hayupo wakati yupo.

Ukimaliza kuandika, ijaribu kwa karatasi. Kompyuta zikiwa chache shuleni kwenu, karatasi ndiyo maabara yako, na ndiyo utakayokuwa nayo kwenye mtihani wa nadharia. Mimi hutaka majaribio manne, si moja:

MFANO\Tatu.Ali hurudisha tatu.ali
tatu.ali@mfano.sc.tz hurudisha tatu.ali
TATU.ALI yenye nafasi tupu mbele hurudisha tatu.ali
asha.juma1 hurudisha asha.juma1

Jaribio la mwisho ndilo linalotenganisha programu hii na ile ya find isiyopima.

Jina la kwanza na la ukoo

asha.juma.split(".") haitafanya kazi, jina halimo kwenye alama za kunukuu na Python itadhani ni kigeu. Andika "asha.juma".split("."). Jina la kwanza ni [0]. Kwa jina la ukoo tumia [-1], si [1], kwa sababu wengi wetu tunaandika majina matatu, na katika asha.ali.juma kipande cha [1] ni jina la baba.

Mazoezi

1. namba = "P0000/0305/2023". Je, print(namba[6:10] + namba[0]) itaonyesha nini?

2. b = "hamisi.saidi@mfano.sc.tz". (a) Andika matokeo ya b.split("."). (b) Andika mstari mmoja unaotoa saidi.

3. Eleza kwa nini len("MFANO\tatu") ni 9 na si 10.

4. j = "rehema2" na n = j.find("@"). Taja thamani ya n na ya j[:n], kisha rekebisha programu.

5. Kutoka "CN=Tatu Ali,OU=Mitundu,DC=mfano,DC=sc,DC=tz" iliyohifadhiwa kwenye kigeu refu, toa neno Mitundu.

Majibu

1. 0305P. Alama ya + hapa inaunganisha maandishi, haijumlishi.

2. (a) ['hamisi', 'saidi@mfano', 'sc', 'tz']. Nukta za domeini nazo zimekatwa, ndiyo maana vipande ni vinne. (b) b.split("@")[0].split(".")[-1]. Kata kwa @ kwanza, halafu kwa nukta.

3. MFANO ni herufi 5, \t inahesabiwa kuwa herufi moja (tabo), na atu ni 3. Jumla 9.

4. n ni -1. j[:n] ni rehema, ambaye anaweza kuwa mtumiaji mwingine kabisa. Weka sharti if n == -1 kama tulivyoonyesha, au tumia j.split("@")[0].

5. refu.split(",")[1].split("=")[1]